Begi la mvuvi wa miguu: kisa cha mwamba wa Jambiani

Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwamba unaovunja mawimbi uko mbali na ufukwe. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yakikupwa, mtu hukanyaga mchanga, nyasi za bahari na matumbawe kilomita moja na nusu hivi kabla hajafika ukingoni, kwenye kina cha kolekole, changu na chewa. Mvuvi wa kisa hiki huvua kwa fimbo na rili, kigurudumu cha kukunjia uzi. Ngalawa hana, na nyumba yake iko upande wa barabara, dakika kumi kutoka ufukweni, kwa hiyo kila kitu hubebwa mgongoni. Begi lake ni la shule, la poliesta, lita 30 hivi, lenye zipu mbili na mifuko ya wavu ubavuni. Baada ya msimu mmoja zipu kubwa imeganda, ncha ya fimbo imevunjika, ndoana za kwenye kisanduku zimeshika kutu, na mara mbili samaki wamefika nyumbani wamelegea. Sasa anataka begi jipya, na anauliza kile ambacho karibu kila mtu huuliza kwanza: la lita ngapi?

Swali hilo lije mwisho. La kwanza ni hili: begi litakaa wapi wakati anavua? Anayevua gatini hulitua begi pembeni, akalifungua kila akitaka kitu. Ukingoni mwa mwamba hakuna pakavu pa kulitua. Jiwe linaloonekana kavu hupigwa na wimbi la tatu au la nne, na begi lililowekwa pale huondoka au hujaa maji ya chumvi. Huyu huvua samaki begi likiwa mgongoni tangu anapoondoka mchangani hadi anaporudi mchangani. Ukilikubali hilo, mambo mengine yote ya kuchagua begi hubadilika.

Saa za maji

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne hivi asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mvuvi ana siku nne au tano nzuri, kisha maji huwa mafu na sehemu ya ndani ya mwamba hubaki na kina kisichopitika kwa miguu.

Hesabu ya siku moja ni hii. Kupwa ni saa nne. Anaingia majini saa mbili na nusu maji yakiwa bado yanatoka, na kwenye mabonde yanaweza kumfika kiunoni. Mtu mwenye mzigo, anayeangalia anapokanyaga, haendi zaidi ya kilomita mbili kwa saa, kwa hiyo anafika ukingoni saa tatu na robo. Saa nne na robo aanze kurudi. Amebakiwa na saa moja tu ya kuvua. Kwa begi la shule, kubadilisha chambo ni kulivua begi, kulipakata mbele kwa mkono mmoja, kufungua zipu, kutafuta kisanduku, kufunga, kulivaa tena: dakika tatu au nne, fimbo ikiwa imebanwa kwapani. Akibadilisha mara sita, theluthi ya muda wake imekwenda kwenye begi. Nje ya hapo kuna hatari, maana anayeinamia begi ameyapa mawimbi mgongo.

Njia ina mengine ya kuzingatia. Karibu na ufukwe kuna mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vigingi mstari kwa mstari. Ni mali ya watu, wengi wao wanawake, na shamba huzungukwa, halikatizwi. Kwa hiyo njia si mstari ulionyooka, na begi linaloyumba kulia na kushoto huchosha zaidi mtu anapokwepa kwepa. Pia baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Uliza kamati ya wavuvi ya shehia kabla ya kwenda, hata kama hufuati pweza.

Uzito kwenda na uzito kurudi

Huu ndio mzigo wa mvuvi huyu ukiwekwa kwenye mizani. Fimbo ya kwanza iko mkononi. Fimbo ya akiba na rili yake, gramu 650. Kisanduku cha vyambo vya bandia, 600. Machubwi sita (risasi za kuzamisha ndoana) ya gramu 80, karibu nusu kilo. Ndoana, viungo vya kuzuia uzi usijisokote na uzi mnene wa mbele, 200. Plaizi, kisu na mkasi, 400. Ngisi wa chambo, kilo moja. Maji lita mbili na nusu. Chakula, 400. Dawa na bendeji, taa ya kichwani na simu, nusu kilo. Koti la mvua, 300. Begi lenyewe, kilo moja na gramu 200. Jumla ni kilo nane na robo.

Wakati wa kurudi chambo kimekwisha, chakula kimekwisha, maji lita moja na nusu yamenywewa, machubwi mawili yamebaki kwenye matumbawe. Zimepungua kilo tatu na kidogo. Akipata kilo nne za samaki, mzigo wa kurudi ni kilo tisa. Yaani begi huwa zito zaidi saa ambayo mtu amechoka, jua limepanda na maji yanaingia. Watu wengi hupima begi dukani kwa mzigo wa kwenda. Lipime kwa kilo tisa.

Kwa nafasi, vitu hivi vyote vikipangwa vizuri havizidi lita 18, ukiacha samaki. Begi la lita 25 mpaka 28 linatosha. La lita 40 ni kosa la kawaida sana. Halikazi mzigo, vitu huteremka chini, na nafasi iliyobaki huitia vitu ambavyo havitatumika.

Begi la shule lilikosea wapi

Zipu kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo hufa mapema. Katika zipu nyingi za mabegi ya shule, kile kitelezi kinachopanda na kushuka ni cha chuma chepesi kilichopakwa rangi. Maji ya chumvi yakikauka ndani yake, chumvi hula chuma na kuacha unga mweupe unaoziba njia. Mvuvi huvuta kwa nguvu, kitelezi hupanuka kidogo, na tangu siku hiyo meno hayashikani hata yakiwa mazima. Ndiyo maana zipu hufunga mbele huku ikifunguka nyuma. Kubana kitelezi kwa plaizi kunasaidia siku chache tu.

Ncha ya fimbo ilivunjika kwa sababu ya urefu. Fimbo ya mita 2.4 ya vipande viwili ikikunjwa hubaki na mita moja na robo. Ukiichomeka kwenye mfuko wa ubavuni, kitako chake kiko usawa wa nyonga, sentimita 90 kutoka ardhini, na ncha inafika mita mbili na sentimita 15. Mtu mwenyewe ana mita moja na sabini. Kichwa huinama kupita chini ya tawi la mvinje au kuti la mnazi, fimbo haiinami. Hapo huvunjika, na mara nyingi mvuvi hajui mpaka anapoiunganisha.

Kutu ya ndoana ilitoka kwenye begi lenyewe. Chini halikuwa na tundu. Wimbi moja lililoingia kupitia zipu lilibaki kama kikombe cha maji ya chumvi sakafuni mwa begi, na kisanduku kilikaa juu yake kutwa nzima. Poliesta ya mabegi hayo ina utando ndani wa kuzuia mvua. Utando uleule huyazuia maji yasitoke.

Mabega kuuma ni hadithi ya machubwi. Alikuwa akiyaweka kwenye mfuko mdogo wa nje, kwa kuwa ndio rahisi kufikia. Nusu kilo ya risasi iliyo sentimita 25 kutoka mgongoni huvuta begi nyuma, na mtu hulipa kwa kuinamisha shingo mbele. Risasi hiyohiyo ikigusana na mgongo, katikati ya mabega, karibu haisikiki.

Yaliyopo sokoni

Kwenye mitumba, iwe Karume Dar es Salaam au Kongowea Mombasa, na kwenye maduka ya Darajani, mvuvi huyu atakutana na aina nne.

Begi jingine la shule au la kompyuta halifai, kwa sababu zilizokwisha kutajwa.

La pili ni begi la PVC la kukunja mdomo, lile linaloonekana kama bomba nene la plastiki, lita 20 au 30. Haliingizi maji, na kwa abiria wa boti ni zuri sana. Kwa mvuvi wa mwamba lina kasoro tatu. Ni bomba moja lisilo na vyumba, kinachohitajika kiko chini siku zote. Unyevu wa ngisi na barafu nao hautoki, na ndani joto hupanda kama chungu kilichofunikwa. Ya tatu ndiyo nzito: begi la lita 25 lililofungwa hewa ndani, lenye uzito wa kilo nane, likizama lote majini hukuinua kwa nguvu ya kilo 17. Likiwa limefungwa kifuani na kiunoni, hukuelemeza mbele, uso majini. Aina hii inunuliwe ndogo, ya lita 10, iwekwe ndani ya begi jingine.

La tatu ni la mkanda mmoja wa kuvuka kifua, linalozungushwa kutoka mgongoni kuja mbele. Wavuvi wa mito midogo ya baridi hulipenda, na ukivua ufukweni kwa kisanduku kimoja na chupa ya maji ni raha tupu. Kwa kilo tisa na mwendo wa kilomita moja na nusu ndani ya maji, bega moja halitakubali. Huyu aliache.

La nne ni begi la kupanda mlima la siku moja, la nailoni, ambalo mdomo wake hubanwa kwa kamba na kufunikwa kwa kifuniko chenye bizimu ya plastiki. Hili ndilo tunalomchagulia, na sababu kubwa ni moja: mdomo mkuu hauna zipu. Kamba haigandi. Ikikatika, kipande kingine kinapatikana duka lolote. Likiwa la lita 25 hadi 28 na mgongo wenye sponji yenye njia za hewa, limefaa. Chuma cha mgongoni kipo katika baadhi yake, ni fito mbili za alumini. Zichomoe. Kwa kilo tisa hazihitajiki, na mwisho wake hutoboa kitambaa.

Kulipima kabla ya kulipa

Nenda na chupa nane za lita moja zilizojaa, au omba mchele wa kilo nane dukani jirani. Begi tupu halisemi kitu. Vaa, kaza, kisha inua mkono juu na urudishe nyuma ya kichwa kama mtu anayerusha, mara kumi. Mkanda ukigusa shingo au ukivuta kwapa, basi. Mabegi yenye mikanda iliyoachana sana huteleza bega linapoinuka, yenye mikanda iliyokaribiana husugua shingo. Upana wa mkanda wenyewe uwe sentimita tano hadi saba.

Kisha urefu. Tafuta ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo, pima kushuka hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 42 na 50. Kitako cha begi kisivuke hapo. Mpanda mlima anaweza kusamehe begi linaloning'inia, mvuvi hawezi: maji yakimfika kiunoni, kila sentimita iliyozidi chini imelowa.

Lebo ya ndani au ya mtengenezaji huonyesha unene wa nyuzi kwa tarakimu na herufi D. Nailoni ya 420D inatosha ubavuni. Kitakoni, ambapo matumbawe husugua, tafuta 600D au zaidi. Ikiwa lebo haipo, bana kitambaa kwa vidole na ukisugue: kinachotoa sauti kama karatasi na kukunjika kwa mistari myeupe kimechoka. Mtumba una ugonjwa wake. Utando wa ndani huoza kwa joto na unyevu, huanza kunata, halafu hubanduka kama maganda. Ingiza mkono ndani mpaka kitakoni. Ukinata, usinunue kwa bei yoyote ile.

Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Pete au bizimu inayoshikwa na sumaku kwa nguvu ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, na bahari itakimaliza kabla ya mwaka. Plastiki ni bora kwa kila kifungio. Mkanda wa kifuani uwepo na ufunguke kwa kubonyeza, kwa mkono mmoja. Jaribu na mkono wa kushoto. Mkanda wa kiunoni uwe mwembamba na uwezekane kuondolewa, kwani ule mnene wenye sponji unamzuia mtu kuzungusha kiwiliwili anaporusha.

Rangi ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Begi jeusi juani hupika chambo. Chungwa, njano au kijivu cheupe ni afadhali, na wa kwenye ngalawa atakuona upesi ukihitaji kuonekana.

Kazi ya fundi

Hakuna begi litakalotoka dukani likiwa tayari. Kazi hii ni ya fundi viatu, kwa kuwa sindano yake hupenya pale ambapo cherehani ya nguo hukwama. Atoboe matundu manne kitakoni, kila moja la milimita nane hadi kumi, moja kila pembe, na ayavalishe pete za shaba au za plastiki. Mwaga lita moja ya maji ndani: yawe yamekwisha kabla ya dakika moja. Mwambie ashone kwa uzi wa nailoni. Uzi wa pamba huoza chumvini, na mshono huachia katikati ya safari bila onyo.

Aongeze vitanzi viwili vya mkanda mbele, kimoja kwenye kila mkanda wa bega, usawa wa kifua. Kazi yake inakuja sasa hivi. Mfuko wa zipu ulioko juu ya kifuniko uache. Ndani yake weka vitu visivyohitajika baharini, na zipu hiyo isuguliwe mshumaa mara kwa mara.

Kipochi cha kifuani

Hapa ndipo kisa kinapofunguka. Kila kinachotumika wakati wa kuvua kikae mbele, na mgongoni vibaki vile vya kabla na baada. Kipochi cha kifuani, upana sentimita 20 hivi, kimo 15 na unene sita, hufungwa kwenye vile vitanzi viwili. Ndani yake: kisanduku chembamba chenye vyambo vitano au sita tu, ndoana kumi ndani ya kichupa cha plastiki, kipande cha uzi wa mbele mita tano, machubwi mawili. Plaizi huning'inia nje kwa kamba ya sentimita 50, ili ikiponyoka isizame. Chambo cha ngisi kinachotumika kwa saa ile, vipande kama 20, hukaa kwenye kopo dogo lenye kifuniko cha kuzungusha, limefungwa kiunoni upande wa mkono usiorusha.

Vyambo sita vinatosha kwa saa moja. Anayechukua 30 hutumia muda kuchagua, na kila kimoja kinachoonja maji ya chumvi kinahitaji kuoshwa. Ndoana zenye pembe tatu zivishwe kipande cha mpira au cha bomba laini kabla ya kurudi kisandukuni. Ndoana wazi mbele ya kifua, juu ya mwamba unaoteleza, ni kuitafuta ajali.

Kipochi kisiwe kirefu hadi kuficha miguu. Ukitazama chini, uone unapokanyaga, maana kwenye mwamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na kuna samaki wa sumu anayejifanya jiwe. Viatu viwe vya soli ngumu, vilivyofunga kisigino.

Kulipakia begi

Kwanza mfuko wa PVC wa lita 10, ukiwa na simu, taa, bendeji, nguo kavu na funguo. Ukunje mdomo mara tatu, acha hewa kiasi ndani, uweke chini kabisa. Kazi yake ya pili ni kuelea. Maji ya kunywa na samaki havina uzito wa maana vikiwa majini, risasi na vyuma ndivyo huzamisha, na lita sita au saba za hewa zinavishinda. Begi likikuponyoka, litaelea ulifuate badala ya kwenda chini.

Machubwi ya akiba yatiwe kwenye chupa ndogo ya plastiki na kubanwa juu, dhidi ya mgongo, yasigongane. Kisanduku kikubwa kisimame mgongoni pia, na kitambaa kati yake na uti wa mgongo. Chupa za maji ziwe mbili za nusu lita zilizogandishwa usiku, pamoja na moja ya lita moja na nusu ya kunywa kwanza. Barafu ya chupa inafanya kazi mbili, hupoza samaki kisha hunywewa njiani. Chupa kubwa ikae ubavu mmoja na fimbo ya akiba ubavu wa pili ili mzigo ulingane.

Fimbo ya akiba iwe ya vipande vinne. Ya mita 2.4 hukunjwa ikawa sentimita 65 au 70, na haimpiti mtu kichwa. Iingie kwenye bomba la maji la plastiki la inchi mbili, mwisho mmoja umezibwa, lenye tundu dogo la kutolea maji. Ile ya mkononi, kutoka nyumbani mpaka ufukweni, ishikwe karibu na rili, ncha ikielekea nyuma na chini kidogo. Ukijikwaa ncha ikiwa mbele, itachoma ardhi na kuvunjika. Na fimbo za kaboni hupitisha umeme: chini ya nyaya, au radi ya masika inaposikika, ilaze.

Samaki

Wavuvi wengi hutunga samaki kwenye kamba na kuifunga kiunoni, wakiburuzwa majini. Kwenye ukingo wa mwamba hatupendekezi. Damu huita mkunga kutoka mashimoni, na huita wakubwa zaidi kutoka kilindini, na kamba imefungwa kwenye mwili wako.

Samaki akitoka majini, akatwe matamvua upande mmoja hadi mwingine, amwage damu dakika mbili tatu, akiwa ameshikwa mkononi kwa koleo au kitambaa. Kisha aingie kwenye mfuko wa gunia la katani uliolowekwa, ambao unafungwa nje ya begi, upande wa nyuma usiogusa mgongo, kwa mikanda miwili ya kukaza. Gunia bichi kwenye upepo hupoa lenyewe, kwa kuwa maji yanapokauka huchukua joto. Pakacha bichi hufanya vilevile, na kwa anayejua kusuka ni kifungashio bora kuliko mfuko wowote wa plastiki. Mifuko ya plastiki, kwanza, imepigwa marufuku. Pili, samaki akifungiwa humo juani huchemka kwa joto lake. Zile chupa mbili zilizoganda ziwe katikati ya samaki, na gunia linyunyizwe maji kila baada ya dakika kumi.

Kilo moja ya barafu kwa kilo nne za samaki ni ndogo. Kanuni ya nchi za joto ni kilo kwa kilo. Hapa inakubalika kwa sababu safari ni fupi: saa mbili tangu samaki wa kwanza, na barafu ya kutosha inamngoja nyumbani. Akitaka kukaa zaidi, apunguze samaki, asiongeze begi. Kwa kolekole, jodari na vibua hili si suala la ladha tu. Nyama yao ikikaa kwenye joto huzalisha histamini, na histamini haiondoki kwa kupika. Anayeila huwashwa, huvimba uso, huumwa kichwa.

Kurudi

Maji yakianza kuingia huenda polepole, kisha huongeza mwendo. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, saa ya kwanza hupanda sentimita 30, saa ya pili 60, saa ya tatu 90. Aliyechelewa saa mbili ukingoni amekwisha kuongezewa karibu mita moja kwenye kila bonde. Na mabonde mengi yako upande wa ufukwe, nyuma yake. Juu ya mwamba maji yanamfika mguuni, kumbe nyuma njia imefungwa.

Kabla ya kuingia kwenye maji yanayopita mapaja, fungua mkanda wa kifuani na wa kiunoni. Legeza mikanda ya mabega kidogo. Ukiteleza, begi litoke kwa kushusha bega moja. Kipochi cha kifuani kwa hiyo kisifungwe mwilini kwa kamba ya tatu. Kitundikwe kwenye mikanda ya begi tu, kitoke nalo. Hili hukosewa sana: mtu amefungua kila kitu, halafu kipochi kinamshikilia. Ujaribu ufukweni, kwenye maji ya magoti, mpaka begi litoke kwa sekunde tatu.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi ya upande huu wa kisiwa ni makubwa, na hata begi zuri halimfanyi mtu asimame ukingoni. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, ndipo siku zenye utulivu hupatikana.

Nyumbani

Begi litolewe kila kitu, lizamishwe kwenye beseni la maji yasiyo na chumvi kwa dakika kumi, likamuliwe sponji kwa viganja, kisha maji yabadilishwe mara ya pili. Sponji ndiyo inayohifadhi chumvi. Lining'inizwe mdomo chini, kivulini, penye upepo. Jua kali huchosha nailoni na kubandua utando wa ndani. Bizimu zifungwe na kufunguliwa mara kadhaa zikiwa na maji, ili punje za mchanga zitoke. Vyambo vilivyotumika vioshwe na vikauke kabla ya kurudi na wenzao, kwa kuwa kimoja chenye chumvi huwatia kutu sita. Rili ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isipigwe na maji ya bomba yenye nguvu, yataingiza chumvi ndani badala ya kuitoa.

Kila baada ya bamvua sita hivi, vuta mshono wa mikanda ya mabega pale inapoungana na begi, sehemu ya juu. Hapo ndipo uzito wote hushikia, na ndipo begi hukatika. Ukiona nyuzi mbili zimechomoza, mpelekee fundi wiki hiyohiyo, ashone mraba wenye msalaba ndani juu ya kiraka cha mkanda wa nailoni.